Mafundo ya Ubongo na ya Uti wa Mgongo katika Siha ya Watu wa Karagwe na Kyerwa

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, toka Kayanga na Omurushaka hata Nkwenda na Murongo ukingoni mwa Mto Kagera, ni nadra kumpata mtu mzima asiyewahi kumwona mzee ambaye mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia juu ya paja, naye akiunyosha kushika kikombe mtetemo ule hupungua. Mzee ambaye hatua zake zimekuwa fupi, uso wake umepoteza bashasha, na sauti yake imefifia hata wajukuu hudhani amewakasirikia. Watu humwonea huruma, na kila mmoja ana maelezo yake: huyu husema ni uzee, yule husema ni pombe za ujanani, na wa tatu, akiisha kutazama nyuma na mbele asije akasikiwa, husema kuna mkono wa mtu. Ni wachache mno watakaosema kwamba ndani kabisa ya kichwa cha mzee yule kuna fundo dogo lililopungukiwa na chembe zake, na kwamba maradhi yale yana historia, yana dawa, na yana ndugu zake wengine wanaoingia katika nyumba zetu kwa milango tusiyoidhania.

Mafundo haya ni ya namna mbili, na msomaji atanivumilia kidogo nikiyatenga, kwa kuwa maradhi yake hayafanani. Namna ya kwanza hukaa katikati ya ubongo, kuume na kushoto, chini ya lile gamba lenye mikunjo ambalo ndilo makao ya fikira na amri. Matabibu huyajumlisha kwa jina la ganglia za kitako cha ubongo, na mojawapo lina weusi wake wa asili, hata mpasuaji akiukata ubongo huliona kwa macho pasipo hadubini. Kazi yake si kuamrisha kiungo kijongee, maana amri hutoka gambani. Kazi yake ni uteuzi. Kama wachambuaji wa kahawa waketipo na ungo, wakiacha punje njema zipite na kuzitenga mbovu, ndivyo mafundo haya, katika kila nukta ya maisha yetu, yanavyoruhusu jongeo moja linalotakiwa na kuyazuia mengi yasiyotakiwa. Yakizuia kupita kiasi, viungo hukakamaa na mtu huanza hatua kwa taabu. Yakilegea, mikono na shingo hucheza na kujinyonga bila ya idhini ya mwenyewe.

Namna ya pili hukaa nje ya ubongo na nje ya uti wa mgongo. Jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka katika uti wa mgongo, na kwenye mzizi wa nyuma wa takriban kila mshipa pana kifundo, ambamo hukaa chembe zinazopokea kutoka ngozini habari za maumivu, za joto na baridi, na za mguso. Mafundo mengine yamejipanga safu mbili sambamba na uti wa mgongo, yakiongoza mapigo ya moyo, jasho, na upana wa mishipa ya damu pasipo sisi kushauriwa. Na mengine tena, madogo madogo yasiyohesabika, yamesambaa katika ukuta wa utumbo.

Turudi kwa mzee wetu. Maradhi ya mtetemo si mageni duniani: Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliuweka mtetemo miongoni mwa maradhi ya mishipa ya fahamu katika kitabu chake cha Qanun, na mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa London, alitoa kijitabu juu ya watu sita wenye maradhi hayo, ambao baadhi yao alikuwa amekutana nao njiani tu akavutwa na mwendo wao. Lakini hakuna aliyejua asili yake hata mwaka 1957, ambapo Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowalegeza hata wakalala kama wafu, kisha akawadunga levodopa, nao wakainuka na kutembea. Miaka mitatu baadaye Oleh Hornykiewicz, katika mji wa Vienna, alipima bongo za marehemu waliokuwa wakitetemeka, akakuta kwamba dopamini, ile kemikali itokayo katika fundo jeusi, ilikuwa imepungua mno. Tangu hapo ikafahamika kwamba chembe za fundo jeusi hufa polepole kwa miaka mingi, na kwamba dalili hudhihiri pale ambapo nusu yake au zaidi zimekwisha kupotea. Maana yake ni kwamba mzee anayeanza kutetemeka leo aliugua zamani, wakati angali akipanda vilima na mzigo wa ndizi kichwani.

Kwa upande wa nchi yetu, habari iliyo bora kupita zote imetoka wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, ambako madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliendesha uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, wakatoa matokeo yake mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao, kwa miaka yote ya kutetemeka kwao, walikuwa hawajapata kuambiwa na tabibu yeyote jina la maradhi yao. Baadhi ya wagonjwa na jamaa zao walitaja uchawi. Wengine walikuwa wameusadiki uzee wakanyamaza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, wilaya ambayo mwaka huo ndiyo kwanza ilikuwa ikitengwa na mama yake. Na kama kiwango cha Hai kingeshika huku kwetu, basi wagonjwa wa namna hiyo wangekuwa takriban 130 katika wilaya zote mbili. Mia moja na thelathini si jeshi, na hiyo ndiyo sababu wanasahaulika: kila kata ina wagonjwa watatu hivi, wamekaa jikoni kando ya moto, hawapigi kelele.

Nimesikia wengine wakisema haya ni maradhi ya Wazungu. Muhammad Ali, ambaye mwaka 1974 alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, na mwaka 1980 akashuka Dar es Salaam akiwa mjumbe wa Rais Carter, alitambuliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984, akayabeba mbele ya macho ya ulimwengu kwa zaidi ya miaka 30. Wengi waliyanyoshea kidole makonde ya kichwa. Hakuna niliyemsikia akidai kwamba Foreman alimroga.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima wa Kagera anastahili kulijua. Watafiti wa kilimo wa Maruku, karibu na Bukoba, walikwisha kuijaribu mukuna, ndugu wa upupu asiyewasha, kwa kurutubisha udongo uliochoka katika mashamba ya migomba. Nayo mbegu ya upupu, ambayo matabibu wa India wameitumia tangu kale, ndimo wanasayansi wa huko walimoikuta levodopa mwaka 1937, dawa ile ile iliyowainua sungura wa Carlsson miaka 20 baadaye. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kiasi cha dawa katika mbegu hutofautiana, na aliyezidishiwa hutapika, huanguka kwa kushuka shinikizo la damu, au huona vitu visivyokuwapo. Kwa hiyo mbegu ya shambani si ya kusagwa na kunyweshwa mzee kwa kukisia. Walakini ni ajabu iliyoje kwamba kidonge cha levodopa, kilichomo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ni adimu katika maduka ya dawa ya vijijini, ilhali mmea wenye asili yake unazikwa udongoni ili kunenepesha mikungu.

Si kila anayekakamaa ana Parkinson. Zimo dawa za hospitali ambazo huifungia dopamini njia yake: haloperidoli wapewayo wenye maradhi ya akili, na metoklopramidi, ijulikanayo na wengi kwa jina la Plasil, ambayo hutolewa kwa kutapika na ni ya kawaida katika zahanati. Kwa watu wachache, aghalabu vijana na watoto, dawa hii huchokoza mafundo ya ubongo kwa saa chache au siku moja mbili: shingo hupinda, taya hukaza, macho hupanda juu na kubaki huko. Msichana aliyetoka zahanati mchana kwa sababu ya kutapika, na jioni macho yake yakapanda, hapelekwi tena zahanati; hupelekwa kwenye maombi au kwa mganga, kwa kuwa nani asiyejua kwamba hayo ni mapepo? Kufikia kesho yake au kesho kutwa dawa imekwisha mwilini, shingo imenyooka, na sifa zote zimemwendea aliyekemea. Simlaumu aliyekemea, maana naye aliona alichokiona. Ila sindano moja ya dawa inayopinga hali ile ingalimtuliza msichana kwa dakika chache, na, lililo kubwa zaidi, jina la dawa iliyomdhuru lingaliandikwa katika daftari lake asipewe tena.

Karagwe ni nchi ya vilima, na mvua za masika zikishika, jioni huwa na baridi ya kuingia mifupani. Ndipo jiko la mkaa linapoingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na nyufa za dirisha zikazibwa kwa nguo. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Na katika ubongo mzima hakuna sehemu inayodhurika upesi kuliko mojawapo ya mafundo haya ya ndani. Anayefufuka asubuhi akiwa na kichwa kizito hudhani amesalimika, na wengi husalimika kweli, lakini wako ambao, baada ya majuma kadhaa ya afya njema, huanza kuburuta miguu na kutetemeka, wala hakuna nyumbani anayeukumbuka tena usiku ule wa jiko. Hali kadhalika methanoli, sumu iingiayo katika pombe kali za siri, huunguza macho na huunguza fundo jingine la jirani. Jijini Nairobi, Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Lubisi ya ndizi haina hatia katika jambo hili. Hatia ni ya chupa isiyojulikana mpishi wake.

Amma mafundo ya namna ya pili, yale ya kando ya uti wa mgongo, mkoa wa Kagera uliyafahamu kwa msiba. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, na mwaka 1987 uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa mji wa Bukoba, takriban 24 walikuwa na virusi, na katika Karagwe, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kyerwa, walikuwa kati ya wanne na watano. Vipimo vilikuwa haba, na dawa hazikuwapo kabisa; macho ya watu ndiyo yaliyokuwa maabara, na miongoni mwa alama zilizosomwa na macho hayo, hakuna iliyoogopwa kama mkanda wa jeshi: malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa kifua au wa tumbo, yakiwaka moto usiomwacha mtu alale. Kijana aliyetokewa na mkanda aliweza kuuona ugeni katika salamu za jirani zake kabla hajaambiwa neno na daktari.

Na macho hayo hayakukosea sana. Madaktari wa Kinshasa na wa Kigali, mwishoni mwa miaka ya 1980, waligundua kwamba wengi mno wa wagonjwa wao wa mkanda wa jeshi walikuwa na virusi vya UKIMWI. Lakini kile ambacho macho hayakuweza kukiona ni mwendo wa maradhi yenyewe. Mtoto huugua tetekuwanga, huwashwa majuma mawili, hupona, na mama yake husahau. Kirusi hakisahau: hupanda kwa njia ya mshipa wa fahamu kutoka ngozini hata katika kile kifundo cha kando ya uti wa mgongo, kikajilaza humo miaka 10, miaka 50, kikizuiwa na kinga ya mwili isiyolala. Kinga ikidhoofika, kwa uzee, kwa UKIMWI, au kwa dawa za saratani, kirusi huamka katika kifundo kimoja, kikashuka kwa mshipa wa kifundo kile na si mwingine, na ngozi inayohudumiwa na mshipa huo ndiyo inayoungua. Henry Head na mwenzake Campbell, mwaka 1900, walivikagua vifundo vya maiti za watu waliokuwa wameugua mkanda wakaliona jeraha ndani yake. Na ni daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson wa Cirencester, aliyewaangalia wagonjwa wake mwenyewe kwa miaka mingi, ndiye aliyeeleza waziwazi mwaka 1965 kwamba mkanda ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka.

Hapo ndipo inapofunguka itikadi iliyoenea kwetu na kwingineko, kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgongoni mtu hufa. Kifundo cha kuume huhudumia kuume, na cha kushoto huhudumia kushoto, kwa hiyo malengelenge hukoma kwenye mstari wa kati wa mwili karibu daima. Anayengoja ncha zikutane ili ajue hatima yake anangoja jambo ambalo kwa maumbile halielekei kutokea. Jambo la kuogopwa liko mahali pengine. Kuna kifundo cha mshipa wa uso, na mkanda ukishuka katika tawi lake la juu, kwenye paji na ncha ya pua, huweza kuingia jichoni na kulipofua. Na kuna maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona, hasa kwa wazee, miezi na hata miaka, mzee akawa hawezi kuvumilia shati liguse ubavu wake, ilhali hakuna kidonda anachoweza kuwaonyesha wanawe. Dawa ya asiklovia huupunguza ugonjwa ikianzwa mapema, na matabibu huhesabu saa 72 tangu malengelenge ya kwanza. Saa hizo, kwa mtu wa bondeni aliyeanza kwa kupakwa majani, zikafuata siku mbili za kusubiri gulio ili apate nauli, huwa zimekwisha. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa na serikali, mkanda wa jeshi umekuwa sababu ya kupima na si hukumu. Na bibi wa miaka 75 anayeupata leo yaelekea hana kosa lolote ila umri wake, kwa hiyo jirani angefanya adabu kuulinda ulimi.

Kifundo kisipokuwapo kabisa nako ni balaa. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alieleza habari za watoto wawili waliokufa kwa kufunga choo, matumbo yao yakiwa yametanuka kupita kiasi, na baadaye ikadhihirika kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo wa watoto kama hao haina mafundo ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo haiwezi kusukuma. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 5,000. Mtoto mchanga ambaye saa 48 zimepita hajatoa kile choo cheusi cha kwanza, tumbo likajaa na matapishi yakawa ya kijani, hahitaji dawa ya mitishamba wala maji ya sabuni. Anahitaji mpasuaji, naye mpasuaji wa kazi hiyo hupatikana Bugando, Mwanza.

Nimeliacha hadi sasa jambo ambalo kwa rai yangu ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu hutokea katika juma la kwanza la maisha, nalo huharibu kwa siku chache kile ambacho Parkinson hukiharibu kwa miaka. Damu ya mtoto mchanga ina chembe nyekundu nyingi kuliko anazozihitaji, nazo zikivunjika hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini changa halijazoea kuiondoa. Kwa hiyo watoto wengi huwa na umanjano siku ya pili au ya tatu, nao huondoka wenyewe pasipo madhara. Lakini kwa wengine, waliozaliwa kabla ya wakati, waliotofautiana damu na mama zao, wasionyonya vya kutosha, au waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ulioenea katika nchi zenye malaria, rangi ile hupanda hata ikapenya katika ubongo. Na haitapakai ovyo, bali hutafuta mafundo yale ya ndani ikayapaka manjano. Mjerumani Schmorl aliyapasua na kuyaona hivyo mwaka 1904.

Sasa tazama jinsi desturi zetu na hesabu ya maradhi haya zinavyopishana. Mama aliyejifungua salama Nyakahanga, Nyakaiga, Isingiro au katika kituo cha afya cha Nkwenda, aghalabu huruhusiwa kurudi nyumbani siku ya pili, naye muuguzi amemwona mtoto ni mzuri, hana ila. Bilirubini hufikia kilele chake kati ya siku ya tatu na ya tano. Siku hizo mama yumo ndani, kwa heshima ya uzazi na kwa hofu ya baridi na ya jicho baya, katika chumba chenye dirisha dogo lililofungwa, na mtoto amefunikwa hata pua. Na ngozi nyeusi haionyeshi manjano upesi, seuze katika giza. Labda amevikwa nguo zilizokuwa sandukuni pamoja na vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza wadudu, ambavyo harufu yake, kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, huvunja chembe za damu kwa wingi. Siku ya nne mtoto ananyonya kwa uvivu, na bibi anamsifu kwa upole wake. Siku ya tano analia kilio chembamba kisicho cha kawaida na kujipinda mgongo kwa nyuma. Sasa bodaboda inatafutwa, na sasa rangi imekwisha kuingia mahali isipotoka.

Dawa yake ni nuru, na ilivyopatikana inafaa isimuliwe. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward, ambaye alikuwa akipenda kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua, alimwonyesha daktari mtoto mmoja mwenye umanjano aliyekuwa amepauka mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyokuwa imefunikwa na shuka, ambayo ilibaki ya manjano. Madaktari hawakulitia maanani sana, hata chupa ya damu ya mtoto mwingine ilipoachwa dirishani juani na kipimo chake kikaonekana kimeshuka. Ndipo walipounda mashine ya taa, wakatangaza habari zake mwaka 1958. Nuru ya rangi ya bluu huibadili bilirubini iliyo ngozini ikawa ya namna inayoweza kutoka kwa nyongo na mkojo. Muuguzi yule hakuwa na maabara. Alikuwa na macho na bustani.

Akina mama wengi wa kwetu huambiwa wamwanike mtoto asubuhi, na ushauri huo una chembe ya ukweli ndani yake, lakini jua tupu huchoma ngozi changa, na upepo wa vilimani humpoza mtoto hata akadhurika kwa baridi. Tena kwa umanjano mkali halitoshi. Huko Nigeria, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, watoto waliwekwa chini ya mahema ya karatasi maalumu zinazochuja miale mibaya ya jua na kupitisha nuru ya bluu, nao wakatibiwa kwa usalama sawa na wale wa chini ya taa. Mahali ambapo umeme hukatika radi ikipiga tu, hema la namna hiyo linastahili kufikiriwa na wakubwa wa wilaya kabla ya mashine nyingine ya taa kununuliwa na kuzinduliwa kwa ngoma. Na kwa yule mama aliye nyumbani, kipimo chake ni kidole: ambonyeze mtoto puani au juu ya fizi, mlangoni penye mwanga wa mchana, aitazame rangi inayobaki kidole kikiondoka, kisha atazame nyayo na viganja. Manjano katika siku ya kwanza, au manjano iliyofika nyayoni siku yoyote, ni safari ya hospitali siku ile ile.

Wako waliokwisha kuchelewa, nao wanaishi miongoni mwetu. Ni wale watoto ambao shingo haikukaza kwa wakati wake, mikono yao hujinyonga pale hasa wanapojaribu kukamata kitu, na maneno yao hutoka kwa kuvutana, hata wanakijiji wakawaita mataahira na wazazi wakawaacha nyumbani ndugu zao wanapokwenda shule. Lakini bilirubini, kwa kuyachagua mafundo ya jongeo, mara nyingi huliacha gamba la ubongo, na akili ya mtoto huyo huwa timamu ndani ya mwili usiomtii. Mishipa ya masikio yake yaweza kuwa imedhurika, na macho yake hayapandi juu kwa urahisi, kwa hiyo anayezungumza naye kwa nyuma, au kumwandikia ubaoni juu ya vichwa vya wenzake, hupata ukimya akaudhania ujinga. Mwalimu anayekusudia kumfundisha humketisha mbele, humshikilia vizuri kiwiliwili kwa kiti chenye mikono ili viungo vitulie, huuweka ubao chini ya usawa wa macho yake, hutumia ishara na picha, kisha humpa muda wa kutosha kujibu, muda mrefu kuliko ule ambao darasa la watoto wengi limezoea kumpa mtu yeyote.